Nikifika nyumbani jioni, hata vikombe siwezi kuosha

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa na aibu, maana wanawake wenzangu wanafanya makubwa kuliko mimi na hawalalamiki. Nina miaka 34, naishi Kimara, Dar es Salaam, na mume wangu na watoto wawili: wa kike ana miaka 9, wa kiume ana miaka 4. Nauza duka la vitambaa Kariakoo, kutwa nasimama. Naamka saa 10:30 alfajiri niandae chai na sare za watoto, natoka saa 12 kasorobo. Jioni kwenye basi nasimama tena njia nzima, nafika nyumbani saa 1:30 usiku. Nikishavua viatu mwili unagoma. Hapo ndipo naanza kuchambua mchele na kubandika maharage. Tunakula karibu saa 4, nalala saa 5:30. Maji ya bomba kwetu ni ya mgao, yanatoka usiku wa Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo siku hizo naamka saa 8 usiku kujaza mapipa na ndoo.

Vyombo vinalala. Nguo zinarundikana hadi Jumapili, ndiyo siku yangu pekee ya kukaa nyumbani, basi nikitoka kanisani nafua mpaka jua linazama. Jumatatu naamka kama nimepigwa. Jiko la gesi ninalo, friji dogo ninalo, lakini dada wa kazi aliondoka na uwezo wa kumlipa mwingine hatuna. Mume wangu ni fundi umeme, si mtu mbaya, ila hajawahi kushika sufuria. Yupo pia shemeji yangu wa miaka 19, anasubiri kwenda chuo, anashinda ndani na simu. Siwezi kumtuma, naogopa kuonekana namtesa ndugu wa mume.

Kila siku saa 11 jioni nanunua kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, kinanifikisha nyumbani tu. Chai nakunywa asubuhi na kitafunwa, mchana na chakula, na usiku baada ya kula. Jirani ameniambia ninywe juisi ya rozela. Sijui kama ina maana yoyote, lakini tangu mwaka jana nimekuwa natafuna mchele mbichi dukani, na mara nyingine ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni. Nikipanda ngazi za stoo moyo unadunda mpaka nasimama katikati. Hedhi yangu inakwenda siku 8. Mama mkwe alipotutembelea alisema nyumba ina uvivu. Naomba ratiba, Shangazi, ya kunirudisha kwenye mstari.

Mama wa Wawili, Kimara

*

Marahaba, mwanangu.

Ratiba utaipata, lakini haitatangulia. Maneno yaliyonishtua katika barua yako ni yale uliyoyaweka mwishoni kana kwamba hayana uzito: mchele mbichi, udongo, moyo kudunda kwenye ngazi, hedhi ya siku 8. Yaunganishe na chai inayofuatana na kila mlo, na yote yanaelekea upande mmoja, upungufu wa damu unaoletwa na kuishiwa madini ya chuma. Siwezi kukupima kwa barua na sitajifanya ninaweza. Ninachokuomba ni hiki: wiki hii, kabla hujabadilisha chochote jikoni, nenda kapime. Mwenye damu pungufu akipewa ratiba ya kazi ataifuata siku chache, kisha itamshinda, na atabaki akijilaumu kuliko alivyoanza.

Chembe nyekundu za damu hubeba hewa ya oksijeni kwa kutumia himoglobini, na himoglobini haitengenezwi bila chuma. Chuma kikipungua, misuli inapata oksijeni kidogo, na moyo unajaribu kufidia kwa kupiga haraka. Ndiyo maana ngazi zile zile ulizokuwa ukizipanda bila kufikiri sasa zinakusimamisha katikati. Hamu ya kutafuna mchele mbichi, udongo au barafu ni dalili inayofahamika sana ya upungufu wa chuma, na kwa kawaida huondoka chuma kinaporudi. Na wewe si wa peke yako hata kidogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake wapatao asilimia 45 wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania wana upungufu wa damu. Unaposema wenzako hawalalamiki, fikiri ni wangapi kati yao wanaburuta miguu kimya kimya kama wewe.

Ukifika kituo cha afya usiseme tu "nachoka". Kila mtu anasema hivyo, na utarudishwa na dawa za maumivu. Eleza kwa mpangilio: nachoka tangu mwaka jana, moyo unadunda nikipanda ngazi, natafuna mchele na udongo, hedhi ni siku 8. Kisha omba kupimwa wingi wa damu, na kama kipo, kipimo cha FBP, yaani picha kamili ya damu, kwa sababu hicho kinaonyesha pia ukubwa wa chembe nyekundu. Chembe zilizo ndogo na zilizopauka humwelekeza mtabibu kwenye chuma. Omba namba yako uiandike. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na chini ya 8 ni upungufu mkali. Kwa siku hiyo hiyo omba pia kipimo cha mimba, malaria, sukari na choo. Choo ni kwa ajili ya minyoo ya safura, inayonyonya damu tumboni. Minyoo ya aina nyingine, na wakati mwingine hata madini ya risasi, inaweza kuingia na udongo unaoutafuna. Kama una kikohozi cha wiki 2 au zaidi, unatoka jasho usiku au umekonda bila sababu, taja na hayo.

Hedhi isipuuzwe. Tukiongeza damu huku tundu la kuitoa likiwa wazi, tutarudi hapa hapa baada ya miezi michache. Mwambie mtabibu unabadilisha pedi mara ngapi kwa siku na kama yanatoka mabonge makubwa kuliko sarafu. Mwambie pia unatumia njia gani ya uzazi wa mpango, kwa sababu kitanzi cha shaba kinaweza kuongeza damu na sindano inaweza kuvuruga mpangilio wa siku. Anaweza kukuandikia utrasaundi aangalie uvimbe kwenye kizazi, jambo la kawaida kwa wanawake wa umri wako na linalotibika.

Ukithibitika una upungufu wa chuma, huenda ukapewa vidonge vya chuma na foliki asidi, vile ambavyo wajawazito hupewa kliniki na kuviita fefo. Usivinunue mwenyewe kabla ya kupima, maana upungufu wa damu una sababu nyingi. Mwenye siko seli, kwa mfano, anaweza kuwa na chuma kingi mwilini tayari. Vidonge hivi watu wengi huviacha mapema kwa sababu mbili: tumbo kuchafuka na choo kuwa cheusi. Choo cheusi ni kawaida, kisikutishe. Tumbo likichafuka, meza pamoja na chakula kidogo, au muulize mtabibu kama unaweza kumeza siku moja na kuruka moja. Mwili huchukua chuma vizuri hata kwa mpangilio huo, na tumbo linapumua. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, kamwe si kwa chai wala maziwa. Rudi kupima baada ya wiki 4. Kama unavimeza sawasawa, namba inatakiwa iwe imepanda angalau gramu 1. Isipopanda, ama hedhi inakushinda, ama sababu si chuma, na hapo tafuta hospitali kubwa zaidi. Damu ikishafika kiwango, endelea na vidonge karibu miezi 3 ili kujaza akiba, la sivyo utaporomoka tena.

Na viweke juu, mahali palipofungwa. Kijana wako wa miaka 4 anaweza kuviona ni pipi, na vidonge vichache vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Sasa chai. Sikuambii uiache, sogeza saa tu. Majani ya chai yana tanini, ambazo hushika chuma cha kwenye mboga na maharage kikapita tumboni bila kuingia kwenye damu. Kunywa chai saa moja na zaidi baada ya chakula, tuseme saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na ile ya usiku iondoke kabisa kwa sababu ya usingizi. Kwenye maharage na mchicha kamulia limau au kula chungwa baadaye, vitamini C husaidia chuma kuingia. Dagaa, nyama nyekundu na maini, hata kidogo mara mbili au tatu kwa wiki, hutoa chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi kuliko cha mboga. Ukikutwa mjamzito, maini yapunguze na uongee na kliniki. Juisi ya rozela ni tamu, ila rangi nyekundu haitoshi kuongeza damu, kwa hiyo isichukue nafasi ya dawa.

Lile kopo la saa 11 jioni liache. Ndani yake kuna sukari na kafeini, na kafeini ya saa 11 nusu yake bado imo mwilini saa 4 usiku. Badala yake, kabla hujapanda basi, kula kitu cha kushika tumbo: yai la kuchemsha na ndizi, au konzi ya karanga, pamoja na nusu lita ya maji. Inawezekana kabisa kwamba tangu saa 7 mchana hujala wala hujanywa kitu, kama wanawake wengi wa mjini wanaokwepa maji kwa kuogopa kukosa choo njiani. Mwili unaogoma pale mlangoni mara nyingi una njaa na kiu juu ya uchovu.

Jambo la pili ni usingizi. Kutoka saa 5:30 usiku hadi saa 10:30 alfajiri ni saa 5. Mtu mzima anahitaji 7 au zaidi, na usiku mara mbili kwa wiki hizo 5 zako zinakatwa katikati na maji. Hakuna mbinu ya usafi inayoweza kufidia hilo. Kwa hiyo kazi ninayotaka ianze kupunguzwa nyumbani kwako ni ile ya saa 8 usiku.

Nunueni tanki la plastiki la lita 500, au tumieni pipa kubwa mlilonalo, na mfunge koki ya boya, ile inayojifunga yenyewe maji yakijaa, kama ya kwenye tanki la choo cha kuvuta. Kifaa chenyewe si ghali, kinauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, na mumeo ni fundi, hatashindwa kukifunga au kumsimamia fundi bomba. Chukueni cha nusu inchi kilingane na bomba lenu. Kosa linalofanyika sana ni kuliinua tanki juu ya mnara. Maji ya mgao yana msukumo mdogo, hayapandi, na tanki linabaki tupu usiku kucha. Liwekeni chini kwenye matofali mawili matatu, kiasi cha ndoo kuingia chini ya koki ya kutolea. Mfuniko ukae vizuri pia, kwani mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, na Dar es Salaam iliwahi kuugua sana mwaka 2019. Jumanne na Ijumaa bomba linaachwa wazi, koki ya boya inakesha badala yako, wewe unalala.

Hadi tanki lipatikane, kazi ya maji ni ya shemeji. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mwanamke mwenye moyo unaodunda hana sababu ya kuzibeba usiku wa manane wakati kijana wa miaka 19 mwenye afya amelala chumba cha pili.

Najua unachoogopa. Shemeji hatumwi ovyo, na ukimwamrisha wewe, maneno yatafika kijijini kabla ya jua kuchwa. Basi usimtume wewe. Majibu ya damu yakitoka, kaa na mumeo wakati ametulia, mwonyeshe karatasi na umwambie kwa heshima bila kulalamika: "Baba watoto, nimepima, damu yangu ni hii, na daktari amesema hivi. Mpaka itakaporudi siwezi kubeba maji wala kufua mashuka. Naomba uzungumze na mdogo wako, maji na kubandika chakula cha jioni viwe vyake. Na wewe naomba uwapeleke watoto shule asubuhi." Karatasi ya maabara ina nguvu ambayo malalamiko hayana. Omba ukiwa na kazi zenye majina. Ukisema "nisaidieni jamani", kila mtu atakubali na hakuna atakayenyanyuka.

Toa kazi nzima, usitoe nusu. Ukimwambia shemeji "leo jaza ndoo", bado wewe ndiye unayekumbuka siku za mgao, unayeangalia pipa limebaki kiasi gani, unayesema kesho tena. Kukumbuka huko nako kunachosha. Ukisema "maji ni yako", ni yake kuanzia kujua siku, kujaza, kufunika, hadi kusugua pipa mara moja kwa mwezi. Wiki za mwanzo atakosea. Maji yakiisha siku moja, acha yaishe na mumeo aone, usikimbilie kuziba pengo.

Binti wa miaka 9 anaweza kuosha vikombe na sahani, kukunja nguo na kufagia sebule. Asibebeshwe mzigo wa mdogo wake na wa baba mdogo wake kwa sababu tu ni wa kike, ana masomo. Wa miaka 4 aweke nguo zake chafu kwenye kapu na apange vijiko. Wote wawili wakae mbali na maji ya moto na sufuria la presha.

Tuje jikoni. Kubandika maharage saa 1:30 usiku ndiko kunakowalisha saa 4. Siku moja kwa wiki, Jumamosi kwa mfano, loweka kilo 1 ya maharage katika lita 3 za maji usiku mzima. Asubuhi yamwage maji hayo, weka mapya yapite juu ya maharage kwa vidole viwili, chemsha. Kwenye sufuria la presha ni dakika 20 hadi 25 tangu lianze kupiga mluzi, na lisijazwe kupita nusu, kwa sababu povu la maharage huziba tundu la mvuke. Bila presha ni saa moja na nusu au mbili, na shemeji anaweza kukaa nayo. Usitie nyanya wala limau mwanzoni, uchachu huyafanya yabaki magumu. Magadi yanalainisha, ila yanaharibu baadhi ya vitamini, na yakishalowekwa hayahitaji.

Kilo moja kavu hutoa takribani kilo 2 na nusu zilizoiva, ambazo ni milo minne au mitano ya familia yenu. Yakipoa, gawa kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja, kimoja kwenye friji, vingine kwenye sehemu ya barafu. Yahifadhi yakiwa yamechemshwa tu, bila nazi. Tui huchacha upesi na likigandishwa hukatika. Asubuhi hamishia chombo kimoja chini kwenye friji kiyeyuke. Jioni kaanga kitunguu na nyanya, mimina maharage, tui mwisho, na ndani ya dakika 15 mboga iko tayari. Wali unaweza kuwa umeiva kabla hujafika, kama shemeji ataubandika saa 12:30. Ugali weka siku zako za nguvu, maana kuusonga kunataka mabega, na sufuria lake ni gumu kuoshwa. Kiporo cha wali kisilale mezani katika joto la Dar. Kipoe upesi, kiingie kwenye friji, na kiliwe kesho yake kikiwa kimechemka kabisa. Mkila saa 2:15 mnaweza kulala saa 4, na hapo umeshajirudishia saa moja na nusu.

Ukifika nyumbani usikimbilie jikoni, wala usikae kwenye kochi na simu. Lala chini dakika 20 miguu ikiwa juu ya mto, ukiwa umeweka kengele. Umesimama kutwa, miguu inahitaji hilo. Kisha inuka polepole: kaa kwanza, hesabu hadi kumi, ndipo usimame, kwani mwenye damu kidogo hushikwa na kizunguzungu akiinuka ghafla.

Baada ya hapo kuna kazi ambazo haziwezi kulala na kazi ambazo zinaweza. Mabaki ya chakula hayalali, yataleta mende na panya. Choo kisichomwagiwa maji hakilali. Deki ya kila siku inaweza kulala siku mbili, tatu. Nguo safi zinaweza kulala kwenye kapu bila kukunjwa. Vyombo, angalau vilowekwe. Sufuria la ugali au uji lijaze maji baridi mara tu linapopakuliwa, si ya moto, maana maji ya moto huupika wanga ukagandamana zaidi. Asubuhi ukoko unatoka kwa mkono. Ukipikia mkaa siku gesi imeisha, paka sabuni ya kipande sehemu ya nje ya sufuria kabla ya kulibandika, masizi yatatoka kwa kusuuza. Na beseni liweke juu ya stuli au meza lifike usawa wa nyonga, ukae kwenye kiti. Kuinama kwenye beseni lililo sakafuni kunakula mgongo na nguvu kuliko kazi yenyewe.

Jumapili yako inanisikitisha kuliko vyote. Mtu aliyechoka akikusanya kazi ya wiki nzima na kuimaliza siku moja, anailipa siku mbili tatu zinazofuata, na kwa kuwa siku hizo hafanyi kitu, mzigo unajaa tena. Livunje rundo. Jumatano na Jumamosi maji yapo, siku hizo zifuliwe nguo chache. Kwenye lita 10 za maji weka vijiko vitatu vya chakula vya sabuni ya unga, ikoroge iyeyuke, ndipo uzamishe nguo, za rangi mbali na nyeupe. Ziache dakika 30, muda wa kula. Sabuni ndiyo inayofanya kazi hapo, wewe sugua kola, kwapa na magoti tu. Watu huongeza sabuni wakidhani nguo zitatakata zaidi, kumbe wanajiongezea suuza mbili na ndoo mbili za maji. Nguo zilizolala zimelowekwa usiku kucha hutoa harufu na kutaka kurudiwa. Za nyeupe zikihitaji jiki, usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Sare zianikwe kwenye hanga zikiwa zimenyooshwa kwa mkono, pasi itakuwa fupi. Mumeo na shemeji wafue suruali zao za jinzi wenyewe. Mablanketi mpe mama wa kufua mara moja baada ya miezi miwili, kwa fedha ile uliyokuwa ukinunulia makopo.

Jumapili iliyobaki, lala mchana.

Nina swali moja ambalo barua yako haikunijibu. Je, bado kuna kitu kinachokufurahisha? Kama kwa wiki 2 au zaidi hakuna kinachokupa raha, unalia bila sababu, unaamka alfajiri na mzigo kifuani au unajiona huna thamani, mwambie mtabibu huyo huyo siku hiyo hiyo. Sonona nayo huleta uchovu usioisha kwa kulala, inaweza kukaa pamoja na upungufu wa damu, na ina tiba yake. Ukianza kufikiria kufa au kujidhuru, usisubiri siku ya kupima. Mwambie mumeo na mwende hospitali saa hiyo. Na zile jioni ambapo kuanza ndiko kunakogoma, usiangalie jiko lote. Osha vikombe peke yake, vimalize, ondoka. Vikombe vitano safi vinatosha kwa chai ya kesho.

Mama mkwe mwachie mumeo amweleze, ana karatasi ya maabara ya kumsomea. Wewe usiingie kwenye ubishi huo sasa.

Kama kabla ya siku ya kupima utashindwa kupumua hata ukiwa umekaa, utazimia, utapata maumivu ya kifua, au damu ya hedhi itajaza pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo, nenda hospitali papo hapo, hata kama ni usiku. La sivyo, nenda kituo cha afya mapema asubuhi, omba ruhusa ya nusu siku kazini. Majibu yakitoka niandikie namba ya himoglobini, idadi ya pedi kwa siku na njia ya uzazi wa mpango unayotumia, ili tujue kama lile suala la kizazi linahitaji kufuatiliwa zaidi.

Shangazi